Kijana Akienda Ng'ambo Kusomea Urubani, Nani Amchagulie Shule?

Katika mikutano ya matawi tuliyoifanya kutoka Moa mpaka Kipumbwi, swali moja limetuzukia mahali ambapo hatukulitazamia. Tulikwenda kusema habari za kadi, ada na uchaguzi wa wajumbe. Huko Kigombe akasimama mzee mmoja, akauliza kama Chama kina neno lolote katika habari za shule za eropleni za ng'ambo. Mpwa wake amepata barua ya kukubaliwa katika shule moja ya Marekani, na ukoo umekwisha kuketi mara mbili kujadili kama shamba la minazi liuzwe. Hakuna aliyecheka. Mikutano miwili baadaye, ng'ambo ya mto Pangani pale Bweni, tukaulizwa swali lile lile na mama mmoja, na safari hiyo mwenye barua alikuwa binti.

Tuliahidi jibu, nasi tunaliandika hapa ili wengi walipate kwa pamoja. Wako watakaosema kwamba gazeti la Chama lina kazi ya kutosha katika mambo ya mashamba, maji na bandari, na kwamba mambo ya anga yaachiwe wenye fedha. Sisi hatukubali. Shamba la minazi likiuzwa kwa ajili ya karatasi isiyomfaa mtu, umaskini unaoingia katika nyumba ile ni umaskini wetu sote, na tawi litakalochangishwa kumrudisha kijana aliyekwama ugenini ni hili hili letu.

Kwanza tujue kijana anakwenda kutafuta nini. Barua zote tulizoonyeshwa zilitaja leseni ya rubani binafsi. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya urubani. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, mwenye kuitaka leseni hiyo sharti awe ametimiza miaka 17, apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, afaulu mitihani ya vitabuni, na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 kama mafunzo yake ni ya mpango ulioidhinishwa. Katika saa hizo, 10 sharti aruke peke yake bila mwalimu ubavuni. Akiisha kuipata, anaruhusiwa kurusha ndege ndogo na kuchukua ndugu na rafiki zake. Lakini haruhusiwi kulipwa hata senti moja kwa kazi hiyo.

Tunarudia: haruhusiwi kulipwa. Anayetaka kula mshahara wa urubani sharti apande ngazi ya pili, leseni ya rubani wa biashara. Hiyo yataka umri wa miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 katika mafunzo yaliyoidhinishwa, na gharama yake huizidi ile ya kwanza mara kadhaa.

Wakala hasemi neno hili. Yeye huja na picha ya kijana aliyevaa shati jeupe lenye mistari minne mabegani, ndege kubwa nyuma yake, na bei imeandikwa chini. Bei ile ni ya ngazi ya kwanza, na picha ni ya ngazi ya mwisho. Mzee wa watu anasikia "rubani" na anaona mjukuu wake akiendesha ndege ya Air Tanzania. Tena hana kosa kuona hivyo, maana kuanzia mwaka 2016 Serikali imenunua ndege nyingi, Bombardier, Airbus na Boeing, na kila zinapopokewa sote tumeshangilia. Kosa ni la yule anayejua tofauti ya leseni hizi mbili akanyamaza mpaka fedha zimelipwa.

Hatusemi kwamba leseni ya binafsi haina thamani. Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na mwanawe Michael walijifunza kurusha ndege ili wahesabu wanyama wa Serengeti. Walikuja mwisho wa mwaka 1957 na ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya punda. Januari 1959 Michael alianguka nayo akafa, na kaburi lake liko juu ya ukingo wa Ngorongoro. Daktari Michael Wood, mpasuaji, naye alikuwa akirusha ndege mwenyewe kuwafuata wagonjwa wa mbali, na mwaka 1957 yeye na wenzake wawili walianzisha kazi ya madaktari warukao, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Watu hao walikuwa na kazi zao tayari. Ndege ikawa chombo cha kazi, kama ngalawa kwa mvuvi. Ngalawa peke yake, bila nyavu na bila kujua mahali samaki walipo, haimlishi mtu. Basi kijana wa Kigombe aulizwe hivi: leseni hii ya kwanza ukiisha kuipata, fedha za ngazi ya pili zimewekwa wapi? Kama jibu ni kwamba "Mungu atafungua njia", shamba lisiuzwe bado. Mungu amekwisha kuwapa akili ya kuhesabu.

Sasa tuseme kwa nini sisi jambo hili twaliona ni la siasa.

Mwaka 1946 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliunda shirika la East African Airways. Eropleni zake zilishuka Tanga katika safari ya pwani baina ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Babu zetu waliziona zikipita juu wao wakikata mkonge chini. Marubani wa siku hizo walikuwa Wazungu. Mashamba ya mkonge nayo yalikuwa na viwanja vyake vidogo vya ndege, kwa hiyo bwana wa shamba aliweza kunywa chai yake ya asubuhi huku na kula chakula cha mchana Nairobi, na mkataji wa mkonge aliyefanya kazi miaka 20 hakujua ndani ya ndege kuna nini. Ndege za Tanganyika ziliandikwa ubavuni VR-T, herufi alizotupangia Mwingereza. Baada ya Uhuru tukapata 5H, na ndiyo alama inayosomwa mpaka leo katika kila ndege ya nchi hii, iwe kubwa au ndogo.

Uhuru ulipokuja tulitaka marubani wetu wenyewe. Wajerumani wa Magharibi walikubali kutusaidia kuanzisha kikosi cha anga cha jeshi letu, na walimu wakaja. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 likazuka suala la Wajerumani wa Mashariki, waliokuwa na ubalozi Unguja. Mwanzoni mwa 1965 Serikali yetu ilipowakubalia wawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, wale wa Magharibi waliwaondoa walimu wao wa kijeshi, na mafunzo ya urubani yakakatika. Mwalimu Nyerere hakupiga magoti. Aliona msaada wenye masharti ya namna hiyo si msaada, akawaambia wauchukue na ule mwingine uliobaki. Ikatubidi kugeukia Kanada, ambayo kuanzia 1965 mpaka 1970 ilitufundishia askari, na vijana wetu wakaenda huko kujifunza kuruka.

Tumelikumbusha jambo hili kwa sababu lina funzo ambalo wakala wa leo hawezi kulifuta kwa picha. Mwanafunzi aliyeruka saa 30, mwalimu wake akaondoka, hana leseni ya saa 30. Amebaki na daftari. Na siku hizi si lazima pawepo ugomvi wa mataifa mawili ili mwalimu aondoke. Februari 2008 huko Marekani shule ya helikopta iliyoitwa Silver State, yenye matawi mengi na wanafunzi wengi kweli kweli, ilifunga milango ghafla kwa kufilisika. Wanafunzi waliokwisha kulipa, tena wengi kwa mikopo, wakaachwa bila fedha na bila leseni. Aprili 2023 ikafilisika Tayside Aviation ya Dundee, Scotland, shule iliyofundisha marubani kwa miaka mingi na yenye jina zuri. Kama wenyeji wa nchi hizo walipatwa, je, mtoto wa Mkinga aliyeko huko kwa viza, bila mjomba wala shangazi, atamshitaki nani?

Kwa hiyo fedha zote zisilipwe kwa mkupuo mmoja, hata kama shule inaahidi kupunguza bei. Lipa kwa saa anazoruka, au kwa mafungu madogo, na mwisho wa kila fungu daftari la saa zake litiwe sahihi na mwalimu. Shule iliyo imara haitaona vibaya. Ile inayosema "zote leo au nafasi inapotea" imekwisha kujieleza.

Lakini hayo ni ya mbele. Kabla ya barua, kabla ya ada, hata kabla ya pasipoti, kijana aende kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Wako watu wenye afya ya kucheza mpira dakika 90 ambao macho yao hayatengi rangi nyekundu na kijani, nao hawajijui. Kama nia ni kufika ngazi ya kulipwa, apimwe tangu mwanzo kwa kipimo cha daraja la kwanza, kile kikali cha marubani wa biashara, wala asiridhike na kile chepesi cha daraja la pili kinachomtosha rubani binafsi. Kipimo hicho hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya shamba, na akishindwa, ameshindwa akiwa nyumbani kwao.

Katika habari za gharama, tuwe macho. Bei za shule nyingi huandikwa kwa saa 40 kwa sababu sheria imesema 40. Uingereza na Afrika ya Kusini kiwango cha chini ni 45. Lakini wanafunzi walio wengi hawamalizi kwa kiwango cha chini. Marekani ni jambo la kawaida mtu kufika saa 60 au 70 kabla mwalimu hajamruhusu kufanya mtihani wa angani. Kila saa inayozidi yalipiwa ndege na mwalimu. Ongeza chumba, chakula, bima, mtihani, nauli ya kwenda na kurudi. Hesabu inayoanza na dola 10,000 yaweza kukua sana kabla ya leseni kuonekana. Ukoo uulize shule kwa maandishi: wanafunzi wenu humaliza kwa saa ngapi kwa kawaida, na saa moja ya ziada ni bei gani? Wasipojibu, tafuteni shule nyingine.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo sisi watu wa kaskazi na kusi tungepaswa kuielewa upesi kuliko wengine. Mwanafunzi wa ngazi ya kwanza huruka kwa kuona ardhi kwa macho yake. Mawingu yakishuka chini, haruki. Akifika Uingereza mwezi Novemba atakuta siku fupi na mawingu mazito, atakaa chumbani akilipa kodi ya nyumba na huku saa zake hazisogei. Florida ina jua, lakini miezi ya joto kila alasiri hutanda radi. Nyanda za juu za Afrika ya Kusini huwa na anga safi kabisa wakati wa baridi yao, na radi za jioni wakati wa joto. Kwa hiyo nchi ile ile yaweza kuwa nzuri mwezi wa Juni na mbaya mwezi wa Desemba. Tumeona barua ambazo tarehe ya kuanza ilichaguliwa na wakala kwa kufuata siku atakayopata chake.

Viza nayo isichukuliwe kuwa jambo dogo. Marekani, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, ambayo watu walioyafanya baadhi yao walikuwa wamejifunza urubani huko huko, mgeni hawezi kuanza mafunzo ya kurusha ndege mpaka achunguzwe na kukubaliwa na idara yao ya usalama wa usafiri, TSA. Tena shule yenyewe sharti iwe imeruhusiwa na serikali yao kupokea wanafunzi wa kigeni, nayo itoe hati ya kuombea viza ya mwanafunzi. Shule inayomwambia kijana aje kwa viza ya matembezi, mambo mengine yatatengenezwa huko huko, inampeleka kuvunja sheria ya watu. Akirudishwa, jina lake litabaki katika vitabu vyao.

Na Kiingereza. Lugha yetu ya taifa ni Kiswahili, nasi katika gazeti hili hatutaacha kuitetea. Lakini redio ya ndege haikungojea tumalize mjadala huo. Anayerusha ndege nje ya nchi yake, akiongea na waongozaji kwa Kiingereza, hutakiwa awe amefika daraja la nne la kipimo cha ICAO. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunajua aibu iliyopo: mtoto anafaulu mtihani wa Kiingereza wa kuandika, naye hawezi kusikia sentensi moja iliyosemwa haraka kwa sauti ya mkwaruzo. Miezi mitatu ya kusikiliza na kujibu akiwa hapa Tanga, kwa mwalimu wa bei ya Tanga, itampunguzia saa nyingi za bei ya ng'ambo.

Sasa tunafika kwenye neno ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, nalo halimo katika barua hata moja. Je, leseni hiyo itarudi nyumbani?

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga za dunia, katika kifungu chake cha 32 unaiachia kila nchi haki ya kukataa, kwa safari zilizo juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake ameipata katika nchi nyingine. Maana yake ni kwamba leseni ya kigeni mikononi mwa Mtanzania haimpi peke yake haki ya kushika usukani wa ndege ya 5H juu ya Tanga. Sharti TCAA iitambue au iigeuze kuwa ya Tanzania, na kwa kawaida hapo patakuwa na uhakikisho kutoka nchi iliyoitoa, mtihani wa sheria za anga za hapa, na kupimwa. Sisi hatuilaumu sheria hii. Ni sheria ya nchi huru, na wazee wetu waliidai haki ya kuwa na sheria kama hiyo. Lakini mzazi aijue kabla ya kuuza. Kabla ya kulipa, aiandikie TCAA, ataje jina la shule, nchi na leseni, aulize: kijana wangu akirudi na karatasi hii, mtataka nini tena kwake? Jibu litunzwe pamoja na hati ya nyumba.

Ndugu, mkituuliza tungemchagulia wapi huyu mpwa wa mzee wa Kigombe, tutasema bila kuzunguka: kwa ngazi hii ya kwanza asivuke bahari. Karibu kuna nini? Nairobi, uwanja wa Wilson, shule za kurusha ndege zimekuwapo miaka mingi, na basi la kutoka Tanga laondoka asubuhi. Soroti, Uganda, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 chuo kikabaki mikononi mwa Uganda, nasi tukabaki na majuto. Leo Jumuiya imerudi, ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na moja ya kazi zake ni kuzilinganisha kanuni za nchi wanachama. Kijana aliyesoma humu ndani ya Jumuiya amesoma kanuni zilizo karibu na zetu, na ameruka katika joto, mvua na milima ya kwetu. Wilson iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Anayejifunza pale hujua mapema jinsi ndege inavyokuwa nzito mahali penye hewa nyepesi, jambo ambalo Tanga yetu ya usawa wa bahari haiwezi kumfundisha.

Hapa nyumbani, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kilichaguliwa katika mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia kuwa kituo cha umahiri katika mambo ya anga, na kufundisha marubani ni mojawapo ya kazi kilizojiwekea. Kila mzazi aulize hapo kwanza. Akiambiwa nafasi hakuna, aombe jibu kwa maandishi, atuletee nakala. Hatuwezi kusimama mbele ya wakubwa tukisema "watu wanalalamika". Tukiwa na barua 20 mkononi tutasikilizwa.

Ng'ambo ibaki kwa ngazi za juu, wakati kijana amekwisha kujijua kwamba anaweza kuruka, ana leseni ya kwanza, na mdhamini yupo. Hata hapo Addis Ababa isisahauliwe: Ethiopian Airlines wamekuwa wakijifundishia marubani wao tangu miaka ya 1960, na ni Waafrika. Ajabu ni kwamba wengi wetu tukisikia "shule ya urubani" jicho linaruka juu ya Addis bila kutua, linakwenda moja kwa moja Florida. Ukoloni uliondoka maofisini zamani; katika uchaguzi wa shule naona bado anapikiwa chai.

Juu ya yule binti wa Bweni, baadhi ya wazee waliuliza pembeni kama kazi hiyo yafaa mtoto wa kike. Uwanja ule wa Wilson, ambao kila rubani wa Afrika Mashariki anaujua, una jina la mwanamke, Florence Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929. Kama wakoloni waliliona hilo lawezekana, sisi tulioimba usawa tangu siku za TANU tutasema nini? Binti apimwe macho, afundishwe hesabu na fizikia, na vikao vya ukoo vimhesabie kama vinavyomhesabia kaka yake.

Limebaki la Tanga yenyewe, nalo twaliweka mbele ya Chama na Serikali. Kanuni zinataka mwanafunzi wa ngazi ya kwanza afanye safari moja peke yake isiyopungua kilomita 270, akitua katika viwanja viwili tofauti. Chukueni ramani. Tanga mpaka Pemba ni kama kilomita 80. Pemba mpaka Unguja ni kama 120. Unguja kurudi Tanga ni kama 130. Jumla yapita 300, na pwani ya bara ina viwanja vingine vidogo, Mashado kule Pangani na Saadani mbugani, ambavyo mwanafunzi asiyetaka kukata bahari pana anaweza kuvifuata. Safari ile watoto wetu wanayouza minazi ili wakaifanye juu ya mashamba ya Marekani, anga lake liko hapa juu ya vichwa vyetu.

Na kazi ya kufanya baadaye ipo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo ndani ya Tanzania. Katika nchi nyingi mabomba marefu kama hayo hukaguliwa pia kutoka angani. Hifadhi ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, ina bahari ndefu ya kulindwa, na wavuvi wetu wanajua baruti ilivyovunja matumbawe kwa miaka mingi wakati mashua ya doria ikiwa upande mwingine. Ndege ndogo yenye watu wawili huona mbali kuliko mashua.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa mkoa tutapeleka maombi haya. NIT iombwe kufikiria kuwaleta wanafunzi wake Tanga kwa mafunzo ya pwani, na uwanja wetu uruhusu klabu ya kurusha ndege ambayo mwanachama wake ataweza kuwa mwalimu, nesi au mvuvi, kwa ada ya ushirika. TCAA iombwe kutuma maofisa wake Tanga walau mara moja kwa mwaka, wakutane na wazazi na waalimu wa shule za sekondari, wawaeleze leseni hizi kwa Kiswahili. Na ofisi zetu za wilaya ziwe na daftari la kila kijana aliyepata barua ya shule ya urubani, jina la shule na jina la wakala aliyeileta.

Daftari hilo tumekwisha kulifungua. Wenye barua wa Mkinga na Tanga mjini wazilete ofisi ya mkoa, wa Muheza na Pangani wazipeleke kwa makatibu wao wa wilaya, pamoja na karatasi ya bei na jibu la daktari kama lipo. Tutazisoma pamoja na wazazi, mstari kwa mstari, bila malipo.